Jumamosi za Mwalimu Kanyiva

Tarehe 9 Mei 2022, Kanyiva Ndululu, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili huko Mbooni, alisajiliwa kusomea shahada ya uzamili. Mwaka huu ndio wa mwisho anaoruhusiwa. Tasnifu yake haijafika nusu.

Anaandika kuhusu kompyuta za kwantamu, mashine zinazopiga hesabu kwa kutumia tabia za chembe ndogo mno. Wajenzi wengi huziamrisha hatua kwa hatua. Wengine huunganisha chembe zote kwanza, kisha huzipima moja moja mpaka jibu lipatikane. Kanyiva alichagua njia nyingine: mashine huanza ikiwa imetulia katika hali rahisi, kisha hali hiyo hugeuzwa polepole mpaka iwe lile swali gumu. Ikibaki imetulia, hapo ilipo ndipo jibu lilipo. Ikiharakishwa, inaruka na kutoa upuuzi. Polepole kiasi gani? Hilo ndilo analolitafuta, na kwa maswali mengine hesabu zake zinadai muda mrefu kuliko umri wa mtu.

Hulitafuta Jumamosi, siku pekee isiyo ya shule wala kanisa. Jumamosi pia ni siku ya mwethya, kikundi cha majirani wanaochimbiana mitaro ya kuzuia maji kwa zamu. Mwezi Agosti alimtuma kibarua achimbe badala yake. Aliona amejaza pengo. Wenzake waliona wametukanwa, kwani kwenye mwethya mtu huleta mgongo wake mwenyewe. Wakaliondoa shamba lake kwenye zamu, mitaro yake ikiwa imebomoka na mvua za Novemba zikikaribia.

Alikwenda kuomba msamaha kwa Kalekye, mwenyekiti wa kikundi, akamweleza kinachomweka ndani. Kalekye aliendelea kuchambua kunde.

"Hiyo kompyuta umewahi kuiona?"

"Hapana, mwaitu," Kanyiva alijibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Huku hakuna."

"Sisi unatuona kila siku, mwalimu. Na ni sisi unatutumia mtu."

Kanyiva aliuliza kama angeweza kuja Jumamosi moja na kukosa inayofuata. Kalekye akakataa, akaongeza kwamba kama mashine hiyo inaweza kushika jembe, ailete.

Jumatatu Kanyiva alikiomba chuo kimwahirishie masomo kwa mwaka mmoja. Kikikataa, usajili wake utafutwa. Anasema amechoka kiasi cha kutojali jibu litakavyokuwa. Jumamosi hii anachimba kwa Kalekye. Inayofuata, kikundi, ambacho kimemrudisha kwenye zamu, kitachimba kwake Kanyiva.