Yowe Zuri la Mama Namba

Pale hospitalini jina lake halikuwa na kazi. Wagonjwa walimwita Mama Namba, maana kutwa nzima alikaa nyuma ya kioo, mdomo kwenye kipaza sauti, akiita: "Namba thelathini na mbili, chumba cha nne." Sauti yake ilikuwa safi na tulivu. Wazee waliosinzia kwenye mabenchi walisema ukiitwa na yule mama, nusu ya maumivu unayaacha pale pale ulipokaa.

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Mtengenezaji mmoja wa magemu alikuja kung'olewa jino, akaisikia, akamfuata dirishani, shavu bado limevimba. Alisema anatafuta sauti ya mke wa shujaa.

"Mke wa shujaa!" Mama Namba alimwambia mumewe, fundi wa majokofu. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa hujui umeoa nani."

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa sponji kuta zote. Wanaume walioigiza walikabidhiwa kurasa na kurasa za maneno. Yeye alipewa karatasi moja, nayo ilikuwa orodha: kuungua, kuzama, kuanguka, kukabwa, kuchomwa kisu.

"Na maneno yangu yako wapi, kaka?"

"Wewe huna maneno, dada. Kazi yako ni kufa, ili shujaa apate hasira."

Hapo ndipo alipopaswa kubeba mkoba wake na kuondoka. Hakuondoka. Aliogopa kuonekana mshamba.

Yowe lake la kwanza lilitoka tumboni, zito, la kukwaruza. Mtengenezaji akavua vifaa vya masikioni, akacheka. "Unalia kama mbuzi, dada! Utawakimbiza wachezaji. Lia vizuri. Lainisha, halafu mwishoni achia pumzi kidogo." Kwa siku mbili akafundishwa kufa kwa madaha. Alipofika mara ya mia na ushee, hakuhitaji tena kuelekezwa. Yowe lilitoka lenyewe, jembamba, tamu, na pumzi mwishoni.

Mwaka uliofuata gemu likatoka. Shemeji yake, mdogo wa mumewe aliyekuwa akikaa kwao, akaja nalo mbio mbio.

"Shemeji, njoo ujione!"

Alijiona. Mwanamke yule wa kwenye runinga hakuwa na jina. Gauni lake lilikuwa limechanika pale tu ambapo macho ya wanaume yangependa lichanike, na uso wake, hata ndani ya moto, haukuwa na mchubuko. Mchezaji akichelewa, mwanamke anakufa. Akirudia na kuchelewa tena, anakufa tena.

"Anakufa mara ngapi?" aliuliza.

"Mpaka nishinde. Halafu hata nikishinda anakufa, ndiyo hadithi yenyewe."

Tangu siku hiyo yowe likawa mkazi wa nyumba. Akiosha vyombo, alijisikia akiungua sebuleni. Akianika nguo, alijisikia akizama. Mumewe mwanzoni alishtuka kila mara, kisha akazoea. Majirani nao wakazoea. Binti yake wa miaka minane alijifunza kuliiga, na wageni wakampigia makofi. Hata kazini, vijana waliokuja kusafishwa vidonda walimchungulia kwenye kioo: "Mama, hebu tufie kidogo!" Wote walisema ni mchezo tu. Lakini sikio la mtu halina sehemu mbili, moja ya mchezo na nyingine ya kweli.

Jumamosi moja mchana aliteleza bafuni. Mguu ulijikunja chini yake, akausikia mfupa ukivunjika. Akapiga yowe. Lililomtoka ni lile alilofundishwa: jembamba, tamu, na pumzi mwishoni. Akalitafuta lile la kwanza, la mbuzi, lile la kwake. Hakuliona. Akalia tena, na tena, vizuri vile vile.

Sebuleni shemeji na rafiki zake walikuwa wakicheka. Kisha akasikia sauti ya mumewe: "Punguza hiyo kelele, bwana!"

"Napunguza, kaka."

Wakati huo huo pumzi zikamwishia. Nyumba ikatulia, na kila mtu akaridhika kwamba kelele ilikuwa ya gemu. Alilala pale, shavu kwenye sakafu yenye maji, akisikiliza bomba likidondosha tone moja moja kwenye ndoo. Baada ya nusu saa, binti yake alikuja kunawa miguu.

Mumewe alilia kama mtoto. Shemeji alikunja ile diski ya gemu kwenye goti mpaka ikavunjika vipande viwili. Ilikuwa haki yake kuivunja, lakini ilikuwa diski moja tu, na yowe lilikuwa katika maelfu ya nyumba.

Mama Namba alirudi kazini na magongo. "Namba kumi na tisa, chumba cha pili," aliita, na mwishoni, bila kutaka, ikamtoka pumzi kidogo. Kwenye mabenchi kijana mmoja akainua kichwa na kutabasamu.

Alasiri ile alimchukua binti yake nyuma ya nyumba.

"Lia, nikusikie."

Mtoto akalia vizuri.

"Hapana. Ukilia hivyo hawaji. Lia kama mbuzi."

"Watu watanicheka, mama."

"Wacha wakucheke, mradi waje."

Mtoto akafumba macho, akavuta pumzi, akalia yowe baya la kupasua masikio. Jirani yao mwashi aliruka ukuta, mwiko mkononi, saruji ikimdondoka. "Kuna nini? Nani anauawa?"

"Hakuna, jirani. Tunajifunza tu."

"Mnajifunza nini tena, jamani! Mmenitoa roho." Akageuka kurudi, akisonya.

"Sasa wewe, mama," mtoto akasema.

Mama Namba alijiegemeza kwenye magongo, akajaza kifua, akafungua mdomo, akalia kwa nguvu zake zote.

Mwashi alikuwa hajafika hata ukutani. Hakugeuka. Alitikisa kichwa tu, akasema, "Na huyo shemeji yako naye, bado yuko na gemu lake."