Jina Nililompa Mkaguzi

Siku yangu ya kwanza katika ukumbi wa soko la hisa hapa Brussels nilipewa chaki na kitambaa chenye unyevu, nikaambiwa nipande jukwaani. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino kirefu, kosa ambalo sikulirudia. Mkuu wa Ukumbi, mzee mrefu mwenye koti la kijivu, aliniamuru niandike ubaoni tarakimu kuanzia sifuri hadi tisa. Kisha akatembea hadi mlango wa mbali, akageuka na kuzisoma kwa sauti.

"Saba yako inafanana na moja," alisema aliporudi. "Ikate kwa mstari katikati. Na kuanzia leo, utaandika bei anayoitaja mtangazaji, basi. Dalali akikukonyeza, hukumwona. Akikunong'oneza, hukumsikia. Akikuletea keki siku ya kuzaliwa kwako, keki hiyo niletee mimi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nawaandikia ninyi mnaofanya kazi hii leo mkiwa mmeketi, kila mtu na skrini zake, ili mjue tulikotoka. Mimi nilikuja kutoka Lubumbashi kusomea biashara. Masomo yalikatika nilipojifungua mtoto wa kwanza, nikajibu tangazo lililotaka mtu mwenye mwandiko unaosomeka kwa mbali. Mwajiri wangu hakuwa soko lenyewe, bali kampuni ndogo iliyokodiwa kulihudumia. Jina lake naliacha.

Madalali, yaani wanunuzi na wauzaji wa hisa kwa niaba ya wateja, walisimama kuzunguka uzio wa mviringo wakipaza sauti. Mtangazaji aliwasikiliza wanaotaka kuuza na wanaotaka kununua, akapata bei inayowakutanisha wengi, akaitaja. Mimi niliiandika ubaoni. Kazi yote ilitegemea masikio ya mtu mmoja na mkono wa mwingine, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu aliyemwamini mwenzake. Mkuu wa Ukumbi alikuwa akizunguka nyuma ya madalali, akiwatazama shingo.

"Mtu akidanganya, shingo hubadilika rangi," aliniambia. "Uso anaweza kuutawala. Shingo hawezi."

Baada ya miaka kadhaa ya chaki nilihamishiwa dirisha la mihuri. Hapo wajumbe wa madalali walileta maagizo makubwa ya wateja kwenye karatasi, nami nikayapiga mhuri wenye saa na dakika, ili ijulikane nani alitangulia. Mlangoni pa chumba hicho alikaa bawabu, Papa Kasongo, mtu wa Likasi aliyenizidi miaka kama ishirini. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili cha Katanga, nami nakiacha hapa kama tulivyokisema. Mchana tulikula pamoja. Mkewe alinunua pondu, yaani kisamvu, huko Matonge, mtaa wa Wakongo, akaifunga vizuri, na daima palikuwa na vijiko viwili.

"Maman Odile," aliwahi kuniambia, "huku bantu banacheka na meno tu. Angalia macho."

Kisha zikaja skrini. Uongozi ulitangaza kwamba hisa zisizouzwa sana ndizo zitakazoanza kuingizwa kwenye kompyuta, na nyingine zitafuata. Mkuu wa Ukumbi alizitazama zikishushwa kutoka kwenye lori, akaniambia, "Kile kioo hakina shingo." Waliobaki ukumbini walisema mafundi wa kompyuta watauza siri zao zote. Mafundi nao walisema watu wa ukumbini wataharibu mashine makusudi. Kazi yangu iliongezwa: nikawa pia nabeba karatasi nilizozipiga mhuri hadi chumba cha uchapaji, ambako ziliingizwa kwenye kompyuta. Agizo lililokwisha chapwa lilisubiri kidogo, msimamizi alihakiki, kisha akaliachilia, na madalali wote wakaliona kwa wakati mmoja.

Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini haukupita muda mrefu dalali mmoja akalalamika. Kila alipoleta agizo kubwa la kununua, mtu fulani alimtangulia na kununua hisa zile zile, bei ikapanda, na mteja wake akaumia. Wa pili akalalamika, na wa tatu. Maana yake ilikuwa moja tu: mtu aliyaona maagizo kati ya dirisha langu na ile dakika ya kuachiliwa.

Na aliyetembea kati ya dirisha na dakika hiyo, mikono imejaa karatasi, ni mimi.

Sikuambiwa kitu. Ila kabati langu la nguo nililikuta limefunguliwa na kufungwa vibaya. Nikiingia chumba cha uchapaji, mazungumzo yalikoma. Fundi mmoja aliniuliza, kama mzaha, Matonge huwa nakunywa na nani. Nami nikaanza kuwatazama wengine vile vile. Kwa nini Mkuu wa Ukumbi alikuja chumba cha uchapaji wakati anazichukia mashine? Kwa nini Mhandisi, bosi wa mafundi, alikuwa na funguo mbili? Na Papa Kasongo je? Mara tatu, kila mara Alhamisi, nilikuwa nimemwona karani mwenye upara wa ofisi moja ya udalali akimpa bahasha, naye akaitia ndani ya koti haraka.

Mkaguzi wa Kampuni aliniita asubuhi moja. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Tulizungumza kwa Kifaransa.

"Hatukushutumu," alisema. "Tunataka msaada wako tu. Unamshuku nani?"

"Sijui, bibi."

"Kila mtu ana mtu anayemshuku. Usipomtaja, nitaandika kwamba umekataa kujibu. Una watoto, sivyo?"

"Wawili."

Akangoja, kalamu mkononi. Nikamweleza kuhusu bahasha.

"Jina la bawabu?" aliuliza, ingawa alilijua.

Nikalitamka. Aliandika, akanishukuru, akanifungulia mlango.

Juma lililofuata Papa Kasongo alihamishiwa ghala la chini, kupanga masanduku ya karatasi. Hapakuwa na kesi wala barua ya kumwonya. Alipita dirishani kwangu kuchukua kiti chake, akanisalimu kama kawaida. Nilimjibu nikitazama mhuri. Kabla mwezi haujaisha akaandika barua ya kuacha kazi.

Malalamiko yaliendelea. Hilo ndilo lililoninyima amani: mlango una bawabu mwingine sasa, na siri bado zinatoka.

Wakati huo nilikuwa nimepewa pia kazi ya kuwafundisha madalali wazee kutumia kibodi, katika chumba cha mafunzo ghorofa ya tatu. Skrini ya hapo ilitakiwa kuonyesha kampuni za uongo ambazo mafundi walizibuni kwa mazoezi. Mchana mmoja nilirudi kuchukua miwani niliyoisahau. Karani mwingine, wa ofisi ndogo ya udalali, ambaye sikuwahi kumtilia shaka hata siku moja, alikuwa ameketi peke yake mbele ya skrini, mkate umefunguliwa magotini.

"Nakula tu," alisema. "Chini kuna kelele."

Shingo yake ilikuwa nyekundu hadi masikioni.

Nikaisogelea skrini. Kampuni zilizoandikwa pale zilikuwa za kweli, na agizo la juu kabisa nilikuwa nimelipiga mhuri kwa mkono wangu muda mfupi tu uliopita. Lilikuwa bado halijaachiliwa. Nilichukua miwani, nikateremka ngazi nikijizuia kukimbia, nikamleta Mkaguzi. Alisimama mbele ya skrini, akatazama maagizo matatu yakitokea moja baada ya jingine, akavuta pumzi ndefu.

Kumbe waya wa chumba kile ulikuwa umeunganishwa na mashine halisi ya chumba cha uchapaji tangu siku ya majaribio ya kwanza. Mhandisi alisema alidhani umekatwa. Huenda ni kweli. Karani yule alifukuzwa, ofisi yake ikaadhibiwa, na Mhandisi akahamia kazi nyingine nzuri zaidi. Sikuwahi kujua kama alisahau ule waya au aliuacha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Koekelberg, alikokaa Papa Kasongo. Mkewe alinifungulia, akanikaribisha kwa furaha, nikajua kwamba hajui lolote. Alipoingia jikoni nilisema kabla ujasiri haujaniishia.

"Papa, kuko kintu nilifanya. Baliniuliza namushuku nani. Nikasema ni weye. Nikasema juu ya zile bahasha."

Akatikisa kichwa polepole. "Ule muzungu wa upara alikuwa ananiandikia mabarua mu flamand. Tulitaka nyumba ngambo ya commune, na kule banakataa Kifaransa."

Kumbe bahasha zile zilikuwa na barua za kuomba nyumba nje ya mji, kwa Kiflemi, lugha ya huko.

"Bon," akasema. "Na miye baliniuliza."

"Ukajibu nini?"

"Nikabapatia jina yako. Alors, tuko sawa. Ikala chini, chai inapoa."

Siwezi kueleza jinsi maneno hayo yalivyonipa nafuu. Hata nilimkasirikia kidogo. Nilikunywa chai, na tangu siku hiyo nikawa mgeni wa nyumba ile kila Jumapili baada ya misa. Yeye alipata kazi ya ulinzi wa shule, watoto wetu walikua pamoja, na habari ile hatukuigusa tena.

Mimi nilipewa cheo. Kwa kuwa niliiona ile skrini, walidhani nina jicho, wakaniweka ofisi ya ufuatiliaji, ambayo kazi yake ni kupekua mauzo ya siku na kutafuta yasiyoeleweka. Ukumbi ukafungwa kwa biashara, uzio wa mviringo ukang'olewa, na Mkuu wa Ukumbi akastaafu bila kugusa kibodi. Kampuni yetu ilimezwa na nyingine kubwa, tukahamishwa pamoja na makabati yetu. Nilishuku watu kwa mshahara hadi uzeeni. Nilijifunza mambo mengi ya mashine, lakini agizo moja tu niliwaachia waliokuwa chini yangu: msimuulize mtu anamshuku nani. Muulizeni aliona nini, saa ngapi, akiwa amesimama wapi. Mkimwomba jina, atawapa la yule aliye karibu naye.

Juma langu la mwisho kazini niliambiwa nipange mafaili ya zamani, yapi yatupwe. Nililikuta la mwaka ule wa malalamiko. Nililiweka kando siku mbili. Siku ya tatu nikalifungua.

Maelezo yangu yalikuwa ukurasa mmoja, jina la Papa Kasongo limepigiwa mstari. Maelezo yake yalifuata, mafupi zaidi. Swali: unamshuku nani? Jibu: sikumwona mtu akifanya kosa. Swali: na mwanamke wa dirisha la mihuri, anayekula nawe? Jibu: anafanya kazi yake vizuri. Swali: unajua kwamba kukataa kushirikiana kunaweza kukuondoa mlangoni? Jibu: najua. Chini yake kulikuwa na sahihi yake, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeandika taratibu.

Leo ninakaa Ganshoren, si mbali na kwake. Jumapili ya kwanza baada ya kustaafu nilikwenda kama kawaida. Mkewe amekwisha fariki, na chai sasa anaipika mwenyewe, kali mno.

"Papa, nilisoma faili yako," nilimwambia.

Akaweka kikombe chini. "Nilijua siku moja utaisoma. Weye, bila kuona na macho, hauamini."

"Sababu ya nini ulinidanganya? Miaka yote hii?"

Alipangusa makombo mezani kwa kiganja.

"Ile siku, kama nilikuambia sikubapatia jina yako, ungerudia tena huku kwangu?"

Nilitaka kusema ndiyo.

"Hapana, papa," nikasema. "Singerudia."

"Donc, basi," akasema, akanisogezea mkate.