Babu Aliyegoma Kucheza Lizombe

Harusi zetu hapa Matogoro siku hizi zina spika kubwa na mshereheshaji anayepiga kelele, lakini lizombe, ngoma yetu ya asili, ikianza mimi huacha sahani yangu nikasogea karibu na ngoma. Namkumbuka babu, mzaa mama. Jamani, nimemkumbuka sana mwaka huu.

Babu aliniita mke wangu, kama babu wote wa kwetu, nami nilimsumbua kama mke kweli. Kilichoniudhi kwake ni kimoja tu: hachezi lizombe. Wazee wenzake wote waliingia uwanjani, hata yule mwenye mguu mbovu, yeye yuko kwenye kigoda na kikombe chake cha pombe ya komoni. Harusi ya mama hakucheza. Za mama wadogo hakucheza. Nilipochumbiwa nikamwambia wazi: usipocheza kwenye yangu, mimi si mke wako tena. Nikanuna wiki nzima, hata shikamoo nilikuwa naitoa nimegeukia ukutani.

Basi siku moja tukiwa tunapukuchua mahindi, akanieleza.

Ujanani alikwenda Rhodesia, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, kufanya kazi kwenye shamba la tumbaku la mlowezi wa Kiingereza. Vijana wa Songea walikuwa wengi pale. Siku moja bosi akachinja ng'ombe, akawapa pombe na mapumziko. Akawaambia nchi sasa inajitawala, haiamriwi tena na Uingereza. Weee! Nyumbani kwetu uhuru ulikuwa umeshapatikana, kwa hiyo wakadhani na huko ni hivyohivyo, wenye nchi wamepewa nchi yao. Wakachukua madebe wakayafanya ngoma, wakacheza lizombe mbele ya bani la kukaushia tumbaku mpaka vumbi likawafunika. Babu ndiye aliyeongoza.

Mpishi wa bosi, mama mmoja mwenyeji wa palepale, alisimama na ndoo yake akiwatazama. Babu alipotoka kupumzika, mama yule akamwuliza taratibu, "Mwanangu, unafurahia nini? Waliojitawala ni wao, wazungu. Sisi tulihamishiwa kule kwenye mawe, mahindi hayaoti, na hakuna wa kumlalamikia. Hapa palikuwa kwetu. Hapo ulipokuwa unakanyaga amelala baba yangu."

Kesho yake kengele ya kazi ililia kama kawaida, na getini wakakaguliwa vipande, zile karatasi ambazo mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea bila kuwa nazo.

"Nilimchezea baba wa watu kifuani," babu akasema. Gunzi lilikuwa mkononi, hapukuchui. Niliona aibu, mimi na mdomo wangu huu mrefu.

Sikumwomba tena. Siku ya harusi ngoma zikalia uani kwake, nikajiapiza nisimtazame. Wapi! Nilimtazama. Nikamwona ananyanyuka kwenye kigoda, anavua viatu, anakuja mpaka nilipokaa.

"Mke wangu, hapa ni kwa nani?"

"Kwako, babu."

"Na amezikwa nani hapa?"

Alijua vizuri kuliko mimi, kaburi lile alilipalilia kwa mkono wake. Nikamwonyesha hivyohivyo, pale kwenye migomba. "Bibi."

"Huyo nilimpatia kwenye lizombe," akasema. "Huyo hawezi kukasirika."

Akaingia uwanjani. Alicheza vibaya, magoti yalishakataa, watu wakapiga vigelegele na mimi nikalia mpaka poda ikateremka shingoni. Sijawahi kupewa zawadi ya harusi inayoikaribia ile.

Sasa wamelala wawili pale kwenye migomba. Binti yangu anaolewa mwezi ujao, uani palepale, na ameshaniambia mama usije ukaniaibisha. Nitamwaibisha. Kabla ngoma hazijalia nitasimama mbele ya wageni wote nimwulize: mwanangu, hapa ni kwa nani, na wamezikwa nani?