Tangazo Lililokuwa Nyuma ya Kofia Yangu

Nimelinda geti la hospitali miaka kumi na tisa. Mtu akikaa getini muda wote huo hufika mahali akaamini hospitali ni yake na madaktari ni wapangaji tu. Mimi nilifika hapo mapema. Najua nani kanuniwa na mkewe, najua nani anaingia saa mbili na kusaini saa moja na nusu. Shule niliipitia kama mtu anayepita sokoni bila kikapu, lakini ushauri natoa, tena bila kuombwa.

Kwa hiyo mdogo wangu alipohamishiwa mkoa huu kikazi, akaja na mkewe na watoto wawili, nilijiona mwenyeji hasa. Mdogo wangu ni fundi wa mitambo ya maji, na maneno yake yanatoka kama bomba la kiangazi. Mwenye mdomo ni mkewe. Siku ya kwanza, mizigo bado iko barazani, aliniangalia na sare yangu akasema, "Kumbe hospitali umeishika wewe, shemeji? Ndiyo maana watu hawaponi."

"Wanapona," nikamjibu. "Ila wakiniona getini wanaona afadhali warudi wodini."

Tukacheka mpaka mdogo wangu akauliza kuna nini. Tangu hapo utani haukukatika. Nikichelewa kula ananitumia salamu kwamba chakula changu kimeliwa na mwenye akili zaidi.

Sasa, shemeji ni muuguzi, wala si wa kubahatisha. Kule walikotoka amekaa wodi ya wazazi miaka kumi na minne. Katika mizigo yote, alichofungua kwanza hakikuwa sufuria. Ilikuwa sare yake nyeupe, imefungwa kwenye nailoni, na ile saa ndogo ya kubandika kifuani, inayoning'inia kichwa chini ili mwenyewe akiinamisha uso aisome sawa. Akaitundika sare kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Isikae sana hapa," akasema. "Itazoea."

Ikakaa. Muuguzi akihama, leseni haimfuati kama mbuzi. Lazima kule alikotoka waandike barua kwamba huyu ni wetu na hana doa, ndipo huku wamwingize kwenye daftari lao. Barua ikaombwa. Mwezi wa kwanza kimya, wa tatu kimya. Akipiga simu anaambiwa iko mezani.

"Hiyo meza ina ukubwa gani, shemeji?" ananiuliza. "Maana hata kuvuka bahari watu wanafika."

Anacheka, lakini namwona. Mdogo wangu mshahara anapata, nyumbani wanakula. Shida ilikuwa mikono. Aliniambia mikono ya mkunga ni kama ya fundi cherehani, ukiiweka inasahau. Alishaanza kuwahesabia watoto wake pumzi wakitazama katuni. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kurudi wodini na sare yake.

Ndipo nikaingilia mimi, mwenye hospitali. Nilisikia wanatafuta wahudumu wa usafi wa wodi. Nikachukua fomu, nikampigia simu aje, akakaa kwenye kibanda changu cha getini akaijaza juu ya goti. Jina, umri, mtaa, akashuka vizuri tu mpaka swali la saba: je, una mafunzo yoyote ya afya? Kalamu ikasimama.

"Hapa naandika nini?"

"Andika hapana."

"Shemeji, mimi nina vyeti vitatu."

"Vyeti bila barua ni karatasi za kufungia karanga. Ukiandika ndiyo, watauliza leseni iko wapi. Utasema iko mezani. Watakwambia basi kaisubiri mezani. Ingia kwanza! Mtu akishakaa ndani, nani anamuuliza kama alipiga hodi?"

Akaigeuza kalamu. "Kazini kwetu, ukiandika kisichokuwepo unaua mtu."

"Deki hii! Nani amewahi kufa kwa deki?"

Akacheka kidogo, akaandika. Mwandiko wake mzuri, umelala upande mmoja. Hapana ile mpaka leo naiona.

Wakampa ovaroli ya bluu na wodi ya wazazi, wodi yake mwenyewe, ila sasa anaijua kuanzia sakafuni. Wauguzi wadogo wakamwita Mama Deki. Akaitika. Saa yake aliitia mfukoni, na akiwa anafuta chini ya vitanda hutia mkono mfukoni, akaichungulia, huku anahesabu pumzi za mgonjwa. Alinisimulia mwenyewe, na mimi nikaona ni kichekesho.

Wiki ya nne alikuja kibandani mchana, ovaroli imelowa jasho. Kulikuwa na mama aliyejifungua asubuhi, kitanda cha nne. Shemeji alipiga deki mara mbili pale pale, na mara ya pili akaona midomo ya yule mama imepauka. Akamwendea muuguzi wa zamu, binti wa juzi juzi tu.

"Binti yangu, mimi mtu wa deki, lakini mama wa kitanda cha nne simpendi alivyo. Hebu mfunue shuka."

"Mama Deki, nimetoka kumwona sasa hivi."

"Mwone tena, mwanangu. Nakuomba."

Binti akafunua. Damu. Wakapiga kelele, daktari akaja mbio, yule mama akapona, ila kwa taabu. Baadaye binti akamuuliza alijuaje. "Nimezaa wawili," akasema.

"Umeona?" nikamwambia. "Umeokoa mtu na siri imebaki."

Hakucheka. Akanionyesha kiganja. Kilikuwa na lengelenge.

"Yule binti alikuwa anahangaika kutafuta kizazi akikande kikaze, damu ikatike, lakini anakanda mahali sipo. Mimi nimesimama hatua mbili, nashikilia mpini wa deki ili mikono yangu isiruke. Leo nakwenda kwa metroni nimwambie."

"Subiri barua. Ukisema sasa utafukuzwa. Barua ikija utaingia kwa miguu miwili."

Ushauri wa pili huo. Wa kwanza ungetosha.

Barua ikaja baada ya wiki tano. Shemeji akapiga pasi sare nyeupe, ila hakuivaa, akaiweka kwenye mfuko. Nikamsindikiza mpaka ofisini kwa metroni, nimeweka kifua mbele kama niliyeiandika mimi. Metroni wetu, mkuu wa wauguzi wote, tunamwita Rula, akiwa mbali. Akaisoma barua yote, akavuta droo, akatoa ile fomu, akaviweka pamoja.

"Barua inasema miaka kumi na minne. Fomu inasema huna hata siku moja. Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, metroni."

"Metroni," nikadakia, "kusema kweli mimi ndiye..."

"Mzee, geti lako liko wazi."

Sikuondoka. Nikabaki nimesimama mlangoni kama mwavuli uliosahauliwa.

"Nilikujua wiki ya pili," metroni akamwambia. "Nani alikufundisha kunawa mpaka kiwiko? Na vitanda vyako, kona zimekunjwa kama bahasha. Nikasema huyu atakuja mwenyewe kuniambia. Nikasubiri."

"Niliogopa. Barua ilikuwa haijafika."

"Anayesubiri barua namwandikia kibali cha muda. Anafanya kazi akiwa na msimamizi mpaka barua ije. Mwaka huu nimeandika viwili, na wodi ile ile ilikuwa inalilia watu. Tangazo liko getini!"

Ni kweli liko getini, limepigiliwa kwenye ubao ndani ya kibanda, nyuma ya kiti changu. Na ule msumari uliolishika ndio ninaotundikia kofia. Miaka kumi na tisa najua hospitali nzima, ila karatasi iliyo nyuma ya kofia yangu sikuisoma.

Metroni akauliza taratibu, "Siku ya kitanda cha nne, ulijua nini?"

"Nilijua kizazi hakijakaza."

"Ukashika deki."

"Nikashika deki."

Metroni akasema, na hakusema kwa hasira, bora angekasirika, "Muuguzi tunamwamini kwa anachoandika. Usiku akiandika amepima, asubuhi sisi tunatibu kwa maandishi yake. Nikupeje faili la mgonjwa?"

Shemeji akaangalia fomu. "Ningekuwa kwenye kiti chako," akasema, "hata mimi nisingempa."

Akainuka, akachukua mfuko wake. Deki nayo akaiacha siku hiyo hiyo.

Siku hizi anamtazama mzee mmoja mstaafu aliyepooza upande, nyumbani kwake, mitaa miwili kutoka hapa. Anamgeuza, anamwogesha, anamlisha. Mzee hana faili. Amepeleka maombi hospitali nyingine, zote zinaandika kwanza kwa metroni wetu kuuliza, na metroni hasemi uongo. Sare iko nyuma ya mlango. Imezoea.

Mdogo wangu alimuuliza nani alimwambia aandike hapana. Akamjibu, "Niliandika mimi." Mpaka leo mdogo wangu, bomba langu hilo, hajui, ananipokea kwake na kunikaribisha chai, nami naimaliza haraka niondoke.

Kila asubuhi shemeji anapita getini akienda kwa mzee wake. Juzi nikajaribu: "Shemeji, mgonjwa wako bado hajakukimbia?"

"Anaendelea vizuri, kaka," akasema, kwa adabu zote. "Asante kwa kuuliza." Akapita.

Kaka. Miaka yote nadai heshima kwenye familia hii, nimeipata.

Kofia siku hizi naiweka gotini. Wiki iliyopita alikuja binti mgeni na bahasha ya kaki, akaniuliza, "Mzee wangu, eti muuguzi ambaye barua yake haijaja anafanyaje?" Nikasogeza kiti, nikamwonyesha ubao.

"Soma mwenyewe, mwanangu," nikamwambia. "Soma mpaka chini."