Banda Langu la Taa, na Ile Moja Niliyonyimwa

Enzi zetu, siku ya Ijumaa jua likianza kuteremkia upande wa ziwani, boma zima lilishikwa na kiherehere. Kwetu karibu na Sironga tulikuwa Waadventista wa kweli kweli, na Sabato ikishaingia hakuna tena kazi. Kwa hiyo kuni zilipasuliwa, viatu vikapigwa rangi, maharagwe yakatokoswa, na taa ikasuguliwa na kujazwa mafuta, yote hayo mbio mbio. "Jua likizama hamjamaliza," mama alituambia, "mtaimba gizani na mtakula gizani."

Ijumaa moja lilizama kweli. Nilikuwa nimekiweka kioo cha taa juu ya jiwe kikauke, nikaamua kupiga danadana papo hapo kwa mpira wetu wa majani makavu ya migomba. Nilijiona mchezaji hodari. Mpira ukaenda ulikotaka wenyewe. Vioo vilipatikana kwa Mhindi pale Kisii mjini, na hakuna ambaye angekwenda kununua kioo siku ya Sabato. Tuliimba gizani. Tulikula gizani, na ndugu yangu mdogo akaniuma kidole akidhani ni kipande cha ndizi. Mama hakunichapa, maana Sabato haitaki fujo. Alisubiri Jumapili kwa uvumilivu mkubwa, akanichapa asubuhi na mapema.

Labda ugonjwa wangu ulianzia pale. Nilipostaafu ualimu, wenzangu walijiingiza katika ufugaji wa kuku na siasa. Mimi nilikwenda Kenyenya kumsalimu shangazi yangu, nikaona koroboi yake ya mkebe imetupwa nje, kuku wakiipanda. Nikaiomba. Akacheka hadi akakaa chini. Basi nikaendelea: huku nampa bibi kizee tochi mpya ya sola, kule ananipa taa yenye kutu, kisha anawaita majirani waje wamwone mwalimu aliyechanganyikiwa. Koroboi, taa za kioo, karabai mbili ambazo hazijawahi kukubali kuwaka. Zilifika thelathini na moja. Binti yetu Moraa, ambaye chaji ya simu ikimwishia hushika kichwa kama mtu aliyefiwa, alikuja kutoka Nairobi, akaigeuzageuza moja na kuniuliza, "Daddy, hii inachajiwa wapi?" Nikamweleza kwa muda wa nusu saa. Nadhani alilala katikati.

Mke wangu alivumilia mpaka siku mgeni wa kanisani alipogonga kichwa kwenye karabai sebuleni. "Baba Moraa," akasema, "chagua. Taa au wageni."

Ndipo nikajenga banda nyuma ya jikoni, la mbao na mabati. Nilifundisha hesabu miaka mingi, kwa hiyo vipimo nilichukua mwenyewe. Mlango ukatoka mwembamba kuliko tumbo langu. Nikamwita fundi Onchiri, niliyemfundisha darasa la sita. Akautazama mlango, akanitazama mimi. "Mwalimu, si wewe ndiye ulikuwa unatuchapa kwa sababu ya vipimo?" Akaubomoa wote bila haraka, akifurahia kila msumari. Alipomaliza kuujenga upya akauliza stima aipitishe wapi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba nyumba ya taa haihitaji stima. "Sawa," akasema. "Na watu wataziona na nini?"

Wakati huo kijiji kilikuwa tayari kimeamua kwamba naoa mke wa pili. Nyumba ndogo, nyuma ya jikoni, mzee aliyestaafu: ingekuwa nini kingine? Wazee wa kanisa walifika wawili, Biblia kwapani. Mke wangu aliwakaribisha chai, akawafungulia banda. "Mkimpata mwanamke wa kukubali kulala humu," akawaambia, "mleteni, nitamsaidia kuteka maji."

Lakini ukweli ni kwamba katika taa zote hizo, niliyoitaka ilikuwa moja: ile ya mama, ya kioo, ile ile niliyoivunjia kioo utotoni. Mama anakaa hapo juu kwenye shamba hilo hilo la baba. Stima anayo, ila anasema ni ya wageni. Nilimwomba taa yake miaka miwili, akanikatalia kila mara. "Yaya," aliniambia, yaani hapana. "Ulichukua ya shangazi yako, akafa. Ulichukua ya yule bibi wa Ikonge, akafa. Yangu iache." Nilicheka, lakini iliniuma. Niliogopa kwamba siku akienda, mtu ataiuza na vyuma vikuukuu kabla sijafika.

Banda lilipokamilika, alasiri moja akashuka na fimbo yake kuja kuliona. Alipita rafu kwa rafu, akagusa kioo kimoja, akaangalia kidole chake. "Masizi namna hii, na wewe unaita watu waje waone?" Nikajitetea kwamba mkono wangu hauingii. Kusema kweli haikuwa kazi ya watu wazima. Zamani sisi watoto ndio tuliosugua vioo kwa ndani, kwa sababu mikono ya mama, iliyovimba kwa jembe na kuchuma majani chai, haikupita. Akaomba majivu na kitambaa, akakaa kwenye kigoda. Kisha akaingiza mkono ndani ya kioo. Ukapita, mpaka kifundo, na nafasi ikabaki.

Nilitoka nje nikasema naongeza majivu. Majivu yalikuwepo tele.

Niliporudi alikuwa amemaliza vioo sita, vinang'aa. "Omwana one, mwanangu," akasema, "hapa ni pazuri. Kesho njoo uichukue ile yangu."

"Kaa nayo, mama," nikasema. "Hapa pamejaa." Rafu nzima ilikuwa wazi mbele yetu sote wawili. Aliitazama, akanitazama.

Zamani tukichelewa mtoni, mama ndiye aliyekuwa akisimama nje kuhesabu vichwa vyetu tukipanda kilima. Siku hizi jioni watu wa nyumbani wakitazama habari, mimi husimama mlangoni, shingo juu, nikitazama dirisha lake. Chakula kinapoa, mke wangu anagomba. Kile kimwanga cha manjano cha taa yake kikitokea, naingia kula.