Eileen, Michael alikula nini?

Mmepotelea wapi nyinyi? Kila Jumamosi mnapita hapa Brooklyn Park mkienda mall kule Bloomington, hata honi hampigi. Sasa kifo kimeingia ndio mnaniandikia mimi nyanya yenu "pole Shosho" na maua ya simu. Sitaki maua ya simu. Kaeni mnisikilize.

Eileen, jirani yetu wa nyumba ya chini, ametuacha. Mimi bado sijakubali. Leo asubuhi nimeshuka na chai, nikagonga mlango wake, nikasimama pale kama mjinga.

Binti yangu Wambui ndiye anaandika, mimi darasa sikuliona. Nimemwambia aandike vile ninasema, asinirembee.

Kama hukumjua, ni yule mzungu mzee aliyevaa kaptura kwenye theluji. Alifanya kazi ya ofisi Golden Valley mpaka akastaafu. Hakuolewa, hakuzaa.

Chai yake ilikuwa maji moto yaliyoonyeshwa majani. Nikamfundisha kuchemsha na maziwa. "Oh my God, Shosho, hii ni supu!" Lakini kikombe alimaliza.

Alikuwa anatafuta watu wake. Babu na nyanya wa baba yake, Patrick na Bridget, walitoka Ireland zile siku viazi vilioza shambani na watu wakafa njaa. Wakaja mpaka Saint Paul.

Tulizunguka makaburi ya Saint Paul na gari lake linalonuka mbwa. Ali-drive kama mwizi anayefukuzwa. Tukifika, yeye anasoma jiwe, mimi nashika jina kichwani.

Siku moja akanieleza vile watu wake walikuwa wakiita watoto. Mvulana wa kwanza, jina la babu mzaa baba. Wa pili, babu mzaa mama. Mtoto akifa, jina linarudi kwa anayefuata.

Nilicheka nikashika mbavu. "Eileen! Kumbe nyinyi ni Wakikuyu mliokosa jua!"

Akaniambia msichana wa kwanza anaitwa nyanya mzaa mama. Nikamwambia, hapo sasa mliharibu, kwetu ni nyanya mzaa baba.

Halafu nikatulia, nikayapanga yale majina. Baba ya Patrick alikuwa Michael. Baba ya Bridget alikuwa John. Na kwa watoto waliokuja nao Saint Paul, mvulana mkubwa ni John.

"Michael wako yuko wapi?"

"Hakuna Michael, Shosho."

"Yuko. Ndiye wa kwanza."

"Basi alikufa."

"Angekufa, jina lingerudi kwa mwingine. Si umeniambia mwenyewe? Halikurudi. Alikuwa hai, Eileen. Walimwacha na babu yake."

Woi! Aliwaka. "Watu wangu hawakuwa watu wa kutupa mtoto!"

"Nani amesema kutupa?"

Baridi yote hakupanda ngazi zetu.

Mimi mtoto wa kuachwa namjua. Wambui alipokuja Marekani, makaratasi ya Karanja, kifungua mimba wake, yalikataa. Aliniachia mtoto anayetambaa. Kila shifti ya usiku aliyofanya kwenye nyumba ya wazee iligeuka unga na karo kule nyumbani. Lakini kanisani hapa wakimuuliza ana watoto wangapi, alikuwa anasema wawili. Wale waliozaliwa hapa. Kueleza huyo mwingine kulimchosha roho.

Makaratasi yalipokubali, nikaja na Karanja. Pale airport Wambui alimpita mtoto wake mwenyewe. Macho yake yalikuwa yanatafuta mtoto mdogo, na Karanja ameshaanza kuota ndevu.

Wambui ameacha kuandika. Andika, mama. Hakuna anayekulaumu.

Hayo yote nilimwambia Eileen nikiwa nje ya mlango wake, yeye amejifungia ndani. Kwa Kiingereza changu cha kuvunjika. Nikasikia ameizima televisheni.

Halafu akalazwa. Nilienda nikijua atanifukuza. Akanishika mkono, vidole vimebaki mifupa.

"Shosho, nani alimpikia?"

"Nani?"

"Michael."

"Si babu yake. Alipika vibaya, lakini alipika."

Akacheka kidogo, ile ya pua. Kisha akaniangalia. "Viazi vimeoza. Alipika nini?"

Mimi, ambaye huwa sikosi jibu! Nikamwambia ngoja nifikirie, kesho nitakuja kukuambia.

Kesho haikumkuta.

Tangu hapo sikai. Nafagia mahali nimeshafagia. Nawasha jiko, nazima. Nachungulia chini kama gari la mbwa liko. Yule mtoto alikula nini?

Kwenye mazishi, mtoto wa kaka yake alisimama kutaja ukoo. Patrick na Bridget, na watoto wao, John...

"Michael!" nikasema.

Kanisa lote likageuka. Wambui akanivuta nguo. Yule kijana akasema, "Samahani?"

"Michael ndiye wa kwanza. Anza na yeye."

Hakuwa na karatasi inayomtaja Michael, na mimi sina. Akaangalia jeneza la shangazi yake. Akaanza upya, na akaanza na Michael.

Sijui kama nilifanya vizuri. Labda nimewaongezea watu mtoto ambaye hakuwako. Lakini Eileen aliuliza nani alimpikia. Hilo linanituliza nusu. Nusu nyingine ndiyo inanitembeza humu ndani mchana kutwa.

Haya Eileen, mkaidi wangu, nenda ulale. Chai ya leo nimekumwagia nje ya mlango wako, yenye maziwa. Ukimkuta Michael, muulize kwanza alikula nini, mengine baadaye.

Na wewe unayesoma, njoo. Chai iko. Lakini nikikuuliza una watoto wangapi, usinihesabie wa hapa peke yao. Anza na yule uliyemwacha nyumbani. Unitajie jina lake mlangoni, kabla hujavua viatu.