Alama za Mbayuwayu

Kwa miaka ishirini na tisa Naziha Kammoun alikagua magari katika kituo kimoja hapa mjini Sfax. Lori lenye breki mbovu halikupita mbele yake, hata mwenye lori angekuwa shemeji yake. Alipostaafu, mumewe akiwa ameshafariki, alianza kukagua vyombo vya anga ndani ya mchezo wa kompyuta. Mimi jirani yake niliona ni aibu mtu mzima kumaliza alasiri akirusha kitu kisichokuwepo, nami nilimwambia hivyo.

"Na wewe unayelia timu ikifungwa," akanijibu, "wale wachezaji wanakujua?"

Kikundi anachocheza nacho mtandaoni kina watu kama arobaini, nao humwita Khalti, yaani mama mdogo. Wana desturi ambayo nakiri ni ya watu waungwana. Chombo hukaguliwa kama kilivyo, bila kuongezwa kifaa chochote. Hukumu ikishabandikwa kwenye ukurasa wa kikundi haifutwi, na aliyekosea husoma kosa lake kwa sauti yake mwenyewe siku ya Alhamisi, wote wakisikiliza.

Anayemaliza mafunzo ya mchezo huchagua chombo kimoja kati ya vitatu, na hawezi kukirudisha. Kidogo kuliko vyote ni cha upelelezi, kinaitwa Mbayuwayu. Vijana wa kikundi walikicheka. "Kopo la pilipili ya harisa lenye mabawa," walisema.

Lakini mwenzao mmoja, Lamjed, alikitaka hichohicho. Lamjed alikuwa mwokaji mikate kule mjini Gabès mpaka kiharusi kilipomwangusha na kumwachia mkono mmoja tu unaofanya kazi, wa kulia. Mkewe, Mbarka, humruhusu kucheza saa moja kwa siku, hivyo mafunzo yalimchukua miezi mitano. "Khalti, nimekaa miaka thelathini mbele ya tanuri," alimwambia Naziha. "Nataka kwenda mahali ambapo hajafika mtu. Wewe ukisema kinafaa, nakichukua."

Naziha alikirusha siku tisa. Alipima mafuta, joto la injini, na umbali ambao kinaweza kuona. Kisha akabandika: alama tisa kati ya kumi, kinatua kwa upole kabisa.

Nilikuwa kwake, nakunywa kahawa, Lamjed alipopiga simu kwa furaha.

"Kesho nachagua, Khalti! Ila nifundishe kutua. Wewe unabonyeza wapi?"

Naziha akafungua kinywa ajibu, kisha akaitazama mikono yake. Wa kulia ndio unaoongoza chombo. Wa kushoto ndio unaopunguza mwendo na kushusha miguu ya kutua, kwa wakati uleule.

"Usichague kesho," akasema.

"Kuna nini?"

"Nimesema usichague. Subiri mpaka nikwambie."

Akakata simu. "Miaka yote ile nimekagua gari," akaniambia polepole. "Sikuwahi kuuliza nani ataliendesha. Sheria haikuniuliza hilo, na mimi sikujiuliza."

Kesho yake alinipa mtandio, nikamfunga mkono wa kushoto kiunoni. Chombo chake kilianguka mara kumi na moja.

"Usicheke."

"Sijacheka," nikasema, na kweli sikucheka.

Siku ya tatu aligundua kwamba miguu ikishushwa chombo kikiwa bado juu, na injini ikazimwa mapema, Mbayuwayu hushuka taratibu kwenye miezi midogo kwa sababu ni chepesi, na mkono mmoja unatosha. Kwenye sayari nzito kilivunjika kila mara.

Alhamisi ikafika, nami nikaenda kwake kusikiliza. Kabla hawajaanza, kijana mmoja wa kikundi akampigia simu: "Khalti, acha tu, usisome. Nani atajua?"

"Lamjed atajua, akianguka."

Akawasomea wote: "Nilikipa tisa kwa mikono miwili. Kwa mkono mmoja nakipa sita. Sayari nzito zisiguswe. Miezi midogo inafikika. Nilikosea, kwa sababu nilikagua chombo nikamsahau mtu."

Nimesikia wakubwa wengi wakijitetea maishani mwangu. Mkubwa anayesoma kosa lake hivyo, sikuwa nimemsikia.

"Khalti," Lamjed akasema, "hizo sita ni zangu mimi?"

"Ni zako."

"Basi nakichukua."

Jumamosi, katika saa yake, aliuendea mwezi mdogo wa kijivu. Naziha alimsindikiza kwa sauti tu, nami nimeketi kando yake.

"Miguu sasa, Lamjed. Usingoje."

"Bado mbali!"

"Shusha, nakwambia! Haya, zima injini. Tulia."

Alianguka mara mbili. Mara ya tatu chombo kiliinama upande, kikayumba, kikasimama. Tukasikia pumzi za Lamjed, kisha sauti ya Mbarka ikitoka nyuma yake.

"Saa imekwisha. Zima hiyo mashine."

"Niache kidogo, Mbarka. Nimefika."

"Umefika wapi nawe umekaa kitandani tangu asubuhi?"

"Njoo uone."

Kisha tukasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kikisogezwa karibu naye.